Chumvi, Mteremko na Mzigo: Utunzaji wa Gari kwa Dereva wa Mtwara

(Mhadhara uliotolewa mjini Mtwara mbele ya walimu, wazazi, mafundi na madereva. Unachapishwa kama ulivyosemwa, kwa marekebisho madogo.)

Nawashukuru madereva wa Hiace na bajaji mlioacha abiria stendi ili mje kunisikiliza. Najua mchana mzima wa kazi una thamani gani kwenu, na nitajitahidi usipotee bure.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa gari na usalama wake kwa dereva wa kawaida. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa magari, na ningeweza kusimama hapa nikapitia injini kifaa kwa kifaa. Sitafanya hivyo. Ninataka kuwashawishi juu ya jambo moja: ratiba ya matengenezo iliyoandikwa kiwandani Japani haikumfikiria mtu anayeishi kati ya Mikindani na mlango wa Mto Ruvuma. Hapa kwetu gari linaliwa na chumvi, linaliwa na mteremko, linaliwa na mzigo. Anayeweza kuona dalili mapema ni mwenye gari mwenyewe, kabla ya fundi na kabla ya askari wa usalama barabarani.

Ipo sababu nyingine iliyonifanya nikubali mwaliko huu, na wengi humu mnaijua. Asubuhi ya tarehe 26 Julai 2022, Hiace iliyobeba wanafunzi wa shule ya msingi ilitumbukia shimoni Mjimwema, katika manispaa yetu hii. Walikufa watu wasiopungua kumi, wengi wao watoto. Taarifa za mwanzo zilitaja kufeli kwa breki. Sikuja kumhukumu mtu. Waliofiwa ni majirani zetu. Nilichokuja kufanya ni kueleza, kwa lugha ambayo kila mzazi ataielewa, breki inavyokufa, ili kila anayempandisha mtoto garini ajue la kuuliza.

Hoja ya kwanza: chumvi

Chumvi hii hii ya mezani ina tabia ambayo kila mwenye gari pwani anapaswa kuifahamu. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 75, chumvi inavuta maji kutoka hewani na kuyeyuka. Kwetu usiku mwingi unyevu unapita hapo. Maana yake, chumvi iliyokauka juu ya chuma mchana, usiku inageuka tena kuwa maji ya chumvi, na kutu inaendelea kula gari likiwa limelala uani. Ulikwenda Msimbati Jumapili, ukaendesha juu ya mchanga wa ufukweni kama wengi wafanyavyo, ukarudi ukafuta vumbi juu ya bodi, ukaridhika. Chini ya gari kazi ndiyo kwanza imeanza.

Chumvi haiji kwa upepo wa kusi peke yake. Ndugu zetu wanaopeleka samaki na pweza Masasi na Newala kwa Probox na Noah wanaijua hali hii: barafu inayeyuka njiani, maji yanavuja kwenye ndoo, yanapenya chini ya zulia na kutulia kwenye bati la sakafu. Nawaomba mkirudi nyumbani leo mwinue zulia la nyuma. Gusa bati kwa ncha ya bisibisi. Likilia kama chuma, mshukuru Mungu. Likibonyea, au unga mwekundu ukimwagika, ujue sakafu imekwisha, na ujue pia kwamba chini ya sakafu hiyo hiyo ndiko zinakopita paipu za breki.

Hizo ndizo ninazotaka mzitazame kuliko kitu kingine chochote. Ni vipaipu vyembamba vya chuma, vinavyopeleka mafuta ya breki kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma. Kutu haianzi katikati ya paipu, mahali unapopaona kwa urahisi. Inaanzia pale paipu inaposhikwa na kibano kwenye bodi, kwa sababu mchanga na chumvi vinajibana hapo visipate kuoshwa. Mwambie fundi afungue vibano, apitishe kitambaa, atazame. Paipu iliyovimba kutu au yenye unyevu haipakwi rangi wala haifungwi kwa raba. Inabadilishwa.

Dawa ya chumvi ni maji baridi yasiyo na chumvi, yapigwe chini ya gari na ndani ya matao ya matairi, kila mara unapotoka ufukweni, na angalau mara moja kwa mwezi kwa gari linalolala karibu na bahari. Nasema yasiyo na chumvi kwa makusudi, maana visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvichumvi, na kijana wa kuosha magari hatakwambia usipomuuliza. Yaonje. Vilevile wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Oili hiyo inalainisha na kuharibu raba, na ikifika kwenye pedi za breki gari halisimami. Tumieni grisi au dawa ya kutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mbali na breki.

Kabla sijaiacha hewa ya pwani, niseme jambo moja ambalo wenye magari ya Kijapani hawalisikii mara nyingi. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata iliitwa kiwandani kwa mamilioni duniani kote, ikiwamo ya Toyota, Honda, Nissan na wengineo. Kilichoiharibu ni kemikali ya kuijaza hewa, amonia nitrati, ambayo huchakaa kwa miaka ya joto na unyevu. Ikichakaa, siku ya ajali kopo lake linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya Mtwara. Magari mengi tunayoendesha yaliuzwa kwetu yakiwa yametumika, na barua ya kiwanda ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza, Japani. Chukua namba ya chesisi, iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala wake. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu, na vijana mliomo humu mnaweza kuwafanyia wazazi wenu usiku wa leo.

Hoja ya pili: mteremko

Sasa nakuja kwenye breki, na hapa mnivumilie kidogo.

Unapokanyaga pedali, mguu wako hausimamishi gari. Mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pedi zibane diski, na msuguano unageuza mwendo kuwa joto. Breki ni kifaa cha kutengeneza joto. Ukiongeza mzigo maradufu, joto la kusimamisha gari linaongezeka maradufu. Ukiongeza mwendo maradufu, joto linaongezeka mara nne. Kariri hesabu hiyo kabla hujashuka kutoka Newala.

Mafuta ya breki nayo yana udhaifu wake: yananyonya maji kutoka hewani, polepole, hata kopo likiwa limefungwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu. Fikirieni basi gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa tangu literemke melini, miaka minane ya hewa ya pwani, likishuka mteremko mrefu na abiria kumi na wanane huku dereva amekanyaga breki njia nzima. Joto linapanda, mafuta yanachemka, mvuke unajaa ndani ya paipu. Mafuta hayabonyei, lakini mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na gari haliitikii. Likipoa, breki zinarudi, na fundi atakayeitazama jioni atakwambia haoni kosa.

Kwa hiyo, mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halitembei sana. Fungua bonneti utazame kopo lake: mapya ni meupe au ya manjano hafifu, yaliyochoka yana rangi ya chai ya rangi. Yakipungua chini ya mstari, usiongeze tu ukafunga bonneti. Tafuta yamekwenda wapi, maana ama pedi zimekwisha ama kuna mahali panavuja. Na tafadhali, kopo hilo lisitiwe maji, wala oili ya injini, hata kwa tone, hata kwa kusogea hadi mji wa pili. Oili inavimbisha raba zote za mfumo na utalipia kila moja.

Nitawapa vipimo viwili ambavyo mama yeyote anayeendesha anaweza kuvifanya uani kwake bila spana. Cha kwanza: injini ikinguruma na gari limesimama tambarare, kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie ukihesabu hadi thelathini. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna uvujaji au masta silinda imekwisha, usilitoe gari. Cha pili: zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo, kisaidizi cha breki ni kizima. Isiposhuka, lipeleke gari kwa fundi.

Kwenye mteremko wenyewe, tumieni gia. Nasema hasa na wenye magari ya otomatiki. Zile herufi L, 2, S au B kwenye gia hazikuwekwa kwa mapambo. Ukishusha gia kabla ya kuanza kuteremka, injini inalishika gari na breki zinapumzika. Kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta ni hatari, na kwa gari la kisasa hakuna hata tone linalookolewa, kwa sababu ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa kwenye gia, injini inakata mafuta yenyewe. Mkinusa harufu ya kuungua, egesheni, zipoe. Abiria watanung'unika. Wacheni wanung'unike.

Na siku pedali ikizama? Ipampu haraka haraka, shusha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono taratibu huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kuserereka, piga honi, tafuta mpando au kichaka. Usizime injini, usukani utakuwa mzito.

Hoja ya tatu: mzigo, na matairi yanayoubeba

Wazee wetu humu wanakumbuka safari ya Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003: kivuko pale Ndundu, matope ya masika, magari kulala porini siku kadhaa. Dereva wa wakati ule alisafiri na koleo na spea, na mwendo ulikuwa mdogo. Leo ni kama kilomita 560 za lami. Raha hiyo imebadilisha aina ya hatari. Zamani gari lilikwama, sasa tairi linapasuka kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na kwa mwendo huo kila sekunde gari linakula mita 28 za barabara.

Tairi linapasuka kwa joto, na joto lake linatokana na upepo mdogo, mzigo mkubwa na uzee. Tuanze na uzee, kwa sababu muuzaji wa matairi ya mitumba anaonyesha maua tu. Ubavuni pana neno DOT na mwisho wake tarakimu nne. Ukiona 1418, tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Likishapita miaka sita litazamwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi liondoke barabarani hata kama maua yamejaa, kwani raba imekauka ndani. Angalia pia alama ya theluji au neno STUDLESS. Hilo ni tairi la majira ya baridi, raba yake ni laini kwa ajili ya barafu ya Japani, na juu ya lami yetu ya saa saba mchana inachemka na kulika upesi. Yanauzwa hapa kwa bei nzuri. Si nzuri.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa yamepoa. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Ukiona 220, hizo ni kilopaskali, sawa na 32 za geji ya fundi wetu. 230 ni 33. Anayeingia mchangani Msimbati anapunguza hadi 20 hivi ili tairi litandae, na hapo hana kosa. Kosa ni kurudi kwenye lami bila kujaza. Ubavu wa tairi lililolegea unakunjwa na kukunjuliwa mamia ya mara kila dakika, mfano wa waya unaoukunja kwa vidole mpaka unakatika. Nunueni pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Ni ndogo kuliko kiatu.

Halafu msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, magunia yanatoka Tandahimba, Nanyamba na Newala kwenda maghalani, na pick-up ya tani moja inabebeshwa mbili. Dereva anaona spring zimekaa chini, anaongeza jani la spring, anaona tatizo limekwisha. Breki je? Boljointi je? Hivyo vimebaki vile vile vya tani moja. Barabara yenyewe imejaa kuliko zamani: malori ya saruji, na tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yalipoanza kupitia bandari yetu, malori marefu yanayotoka upande wa Songea. Lori lililobeba kwa uzito wake halali halisimami upesi kama IST. Ukiingia mbele yake ghafla, usimlaumu dereva wake.

Tairi likipasuka, usikanyage breki. Shika usukani kwa mikono miwili, elekeza gari mbele, achia mafuta polepole, liache lipungue mwendo lenyewe, ndipo utoke pembeni.

Hoja ya nne: mengine, kwa kifupi

Rejeta isitiwe maji ya kisima. Chumvi yake inaziba njia na kula aluminiamu. Tumieni kulanti iliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Mafundi wenzangu, tuache tabia ya kung'oa themostati gari linapochemsha. Tunaondoa dalili na kuacha ugonjwa, na injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kulika mapema. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa kinene.

Anayepita kila siku barabara za vumbi atazame filta ya hewa kila mwezi. Oili ya injini ipimwe kila wiki, gari likiwa tambarare. Taa za nyuma mwombe mtoto akutazamie; kwenye giza la Nanyamba, mwenye baiskeli na mwenye gari bovu wote wanategemea kuonekana. Mkanda uvute kwa ghafla: usiposhika, haufai. Na mtoto asikae kwenye mapaja ya mtu kiti cha mbele. Katika mgongano hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Hoja ya tano: nani akague?

Mji huu tunaokaa, pamoja na bandari yake, ulijengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947. Wanahistoria wana sababu nyingi za kushindwa kwake, ukame na udongo zikiwamo. Mimi kama fundi naitazama moja: walianza kazi Kongwa kwa matrekta yaliyokwisha kutumika, bila karakana ya maana wala spea za kutosha, na kabla mwaka huo haujaisha sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala. Serikali yenye fedha iliamini kwamba kununua mashine kunatosha.

Nasi tunanunua magari yaliyotumika. Kule Japani gari la mtu binafsi linakaguliwa kisheria likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na mwenyewe analipia. Wengi huliuza ukaguzi unapokaribia na gari limezeeka. Kwa hiyo tunalipokea likiwa limefika umri wa kuhitaji macho zaidi, tunalileta mahali penye macho machache. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ina kazi yake, na nawapongeza askari wetu, lakini inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Paipu ya breki inaweza kuoza katika miezi inayofuata huku stika inang'aa kiooni.

Kwa sababu hiyo nina mapendekezo matatu ambayo hayahitaji kusubiri bajeti ya mtu. La kwanza, kila shule yenye gari iweke daftari: tarehe ya kubadilisha mafuta ya breki, namba za DOT za matairi yote manne na la akiba, tarehe paipu zilipotazamwa na jina la fundi aliyetazama. Daftari hilo lifunguliwe mbele ya wazazi kwenye kikao cha kila muhula. Mzazi mwenye haki ya kuona matokeo ya hesabu ya mwanawe ana haki ya kuona daftari hili.

La pili, vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo vinajua ni magari gani yatabeba korosho, viweke wiki moja ya Septemba kwa ukaguzi kabla msimu haujafunguliwa. Mafundi wa Newala, Tandahimba na Masasi wapo, na kazi ya siku mbili tatu kila wilaya inatosha.

La tatu ni langu mwenyewe. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanahitaji magari ya kujifunzia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia mwezi ujao, tutakuwa karakanani kwetu tangu saa mbili asubuhi. Tutainua gari lako, tutafungua vibano vya paipu, tutapima maji kwenye mafuta ya breki, na tutakuonyesha wewe mwenyewe, ukiwa umeinama pale chini pamoja nasi. Hatutoi stika wala cheti. Magari ya shule yatatangulia kwenye foleni.

Ndugu Mwenyekiti, muda ulionipa umekwisha. Naona mikono imeanza kunyanyuliwa, na pale nyuma kuna mama amekuja na funguo za gari la shule mkononi. Kwa ruhusa yako, ningependa nianze na swali lake.